Jibu: Boti ya alumini inayovuja, Mtera

Mkuu, umeuliza kama nyufa za boti yako ya alumini hapo bwawa la Mtera uzizibe kwa gundi ya epoksi au uchomelee. Inategemea ufa uko wapi. Ipandishe nchi kavu, itegemeze vizuri, mwaga maji kidogo ndani, kisha zunguka nje na chaki ukiweka alama panapotiririka. Usiijaze, uzito wa maji utaipasua zaidi. Mara nyingi zinazovuja ni ribiti (pini zinazobana mabati) zilizolegea tu.

Ufa wenyewe, toboa tundu la kama milimita 3 kila mwisho wake ili usiendelee kutambaa. Wengi wanaruka hapo, halafu wanalaumu gundi. Sugua kwa brashi ya stenlesi mpaka bati ling'ae, pangusa kwa asetoni na upake epoksi papo hapo, maana alumini ikiguswa na hewa hujifunika utando wa oksidi haraka sana. Kwenye mbavu, au nyuma inapofungwa injini, epoksi peke yake ni kujidanganya. Piga kiraka cha alumini kwa ribiti za alumini. Za shaba weka mbali, bati litaliwa.

Kuchomelea ni bora, ila si kwa fundi mageti. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, oksidi yake inapita 2,000, na haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka; asiyeizoea atakuachia shimo. Ulizia Dodoma mjini mwenye mashine ya kuchomelea ya TIG inayotoa umeme wa AC, na gesi ya agoni. Ukiamua hivyo, epoksi usiiguse kabisa, itaharibu weldingi.