Baba anataka nishike duka, mimi nimepata nafasi ya kusomea uuguzi

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 22, tunaishi Tanga. Baba ana duka la kanga na vitenge aliloachiwa na babu, nami namsaidia tangu nimalize kidato cha nne. Sasa nimepata nafasi chuo cha uuguzi Dodoma, miaka 3. Baba anasema nikiondoka sina radhi yake. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, wanazuoni wameuhesabu utabibu katika fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima: mji ukikosa wa kuusimamia, wenye uwezo wote wanapata dhambi. Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alilalamika kuwa watu wanajazana kwenye fiqhi, elimu ya sheria za dini, ilhali kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu. Biashara ya halali nayo ina thawabu, kwa hiyo baba hakuiti kwenye baya.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli aliyoipa nguvu Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo, ni kwamba safari ya kusomea elimu ya fardhi kifaya haihitaji idhini ya wazazi, tofauti na safari ya jihadi. Lakini njia iwe salama, na nafaka yao, yaani gharama za kuwalisha na kuwatunza, isiwe juu yako. Hapo kwenye nafaka ndipo pa kutazama sana. Kama baba ana nguvu na duka linamtosha, huna kizuizi. Kama hajiwezi na bila wewe jiko haliwaki, huondoki mpaka akubali au umwachie wa kumtosheleza.

Radhi si neno la kupuuza. Hadithi inasema radhi za Mola zimo katika radhi za mzazi. Hata hivyo utiifu ni katika mema, na mzazi hana haki ya kumfungia mwanawe mlango wa kheri ambao yeye mwenyewe haumdhuru. Usitoroke na basi la alfajiri. Mwombe ami yako, au imamu ambaye baba humsikiliza, aende kuzungumza naye nyumbani jioni, si dukani mbele ya wateja. Kinachomtisha baba aghalabu ni duka kufa, basi uwe na jibu la hilo.

Hesabuni mali pamoja, doti kwa doti. Kisha fungueni daftari la madeni: mnaowadai na wanaowadai. Vijana wengi huyaweka madeni kichwani. Wakiondoka baba hana pa kuanzia, wateja wanakana, na uchungu huo ndio unaozaa maneno ya laana. Tafuteni msaidizi, na ujira wake wa mwezi utajwe kabla hajaanza kazi. Mkitaka mudharaba, yaani baba atoe mtaji na msaidizi aufanyie kazi, faida igawanywe kwa mafungu, mfano theluthi yake na theluthi mbili za baba. Kumwahidi kiasi maalumu kila mwezi kunaibatilisha. Hasara ya mtaji ni ya baba, ila msaidizi akizembea. Na kwa Shafi mtaji wa mudharaba ni fedha taslimu, si bidhaa. Kwa duka ambalo rafu zimeshajaa vitenge, ujira ndio njia nyepesi.

Jambo moja linasahauliwa sana: duka ni mali ya baba maadamu yu hai. Miaka uliyosaidia bila kupatana ujira haikupi fungu, kwa hiyo usichukue ada kwenye droo kwa siri. Omba. Akikulipia kwa haja ya masomo hajawadhulumu ndugu zako, ingawa ni vizuri awaeleze.

Swali istikhara, swala ya kumwomba Mola akuchagulie lenye kheri, rakaa mbili za sunna kisha dua yake, halafu endelea na matayarisho. Usingoje ndoto, hadithi ya sahaba Jabir iliyotufundisha istikhara haikutaja ndoto hata kidogo.

Likizo rudi usimame dukani. Akikunyamazia, endelea kumsalimia na kumpa kidogo unachopata. Wallahu aalam.