Maswali ya Wasomaji: Makrofaji zinatoa TNF, lakini ni kwa sababu gani?

SWALI: Nimeanza shahada ya uzamili katika elimu ya kinga. Nakuza makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) kutoka monositi (aina ya seli nyeupe) za damu ya binadamu kwa siku 7, nikitumia M-CSF, protini ya kuzikuza, nanogramu 50 kwa mililita. Kisha nazipa protini tunayoitengeneza wenyewe ndani ya bakteria E. coli. TNF, protini ambayo seli za kinga hutoa zikichokozwa, inapanda sana, lakini msimamizi wangu haamini. Nifanyeje?

JIBU: Ana kila sababu ya kushuku. Protini iliyotoka ndani ya E. coli hubeba mabaki ya ukuta wa bakteria huyo, yaani endotoksini, na seli hizo huweza kuitikia hata kiasi kisichofika nanogramu 1 kwa mililita. Huenda unapima uchafu.

Gawa protini yako mafungu mawili, moja ulichemshe kwa dakika 30. Protini nyingi huharibika kwa joto hilo, endotoksini huvumilia. Fungu lililochemshwa likipandisha TNF vilevile, usiandike chochote kwanza. Pembeni weka polimiksini B, ambayo hunasa endotoksini, na kisima kimoja (kitundu cha kisahani cha majaribio) kiwe cha polimiksini pamoja na endotoksini tupu, ujue kweli inafanya kazi. Hata hivyo, lipoprotini (protini zenye mafuta) za bakteria nazo huziamsha seli, zikipitia kipokezi TLR2, wala polimiksini haizigusi, kwa hiyo jaribio moja peke yake halitoshi.

Angalia na vyombo. Wengi hutegemea otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo), na hapo ndipo wanapokwama: nyuzi 121 za mvuke huua bakteria, endotoksini inabaki palepale. Vyombo vya kioo vitie kwenye oveni kavu, nyuzi 250, dakika 30.

SWALI: Nikipata jibu lilelile kwenye visima vitatu, naweza kuandika makala?

JIBU: Hapana. Visima vitatu vya damu ya mtu mmoja ni sampuli moja. Vinaonyesha tu kwamba mkono wako umetulia na pipeti. Watu hutofautiana mno katika TNF, pengine mara kadhaa kati ya mmoja na mwingine, kwa hiyo tafuta wachangiaji wengine na umwonyeshe kila mmoja kwa nukta yake kwenye grafu. Wastani mtupu huficha yule mmoja aliyevuta matokeo yote. Tunalisisitiza hili kwa sababu kazi nyingi za vijana hukataliwa hapa, wala si kwenye wazo lao.

SWALI: Damu ikikosekana, THP-1 (seli za maabara zinazofanana na monositi) zinafaa?

JIBU: Zinafaa kwa mazoezi na kwa kupanga dozi. Ila zinaelea, na PMA, kemikali unayozipa ili zishike kisahani, huziamsha yenyewe. Baada ya PMA, ondoa majimaji, weka mapya, ziache zipumzike siku moja au mbili ndipo uanze kuzichokoza. Ukiruka hatua hiyo, hata kisima ambacho hukukitia kitu kitatoa sitokini (protini za kinga kama TNF).