"Umbo kubwa" la fuvu: kosa au si kosa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika ikisiri ya tasnifu yangu kuhusu mafuvu ya tumbili wa sehemu mbalimbali. Niliandika: "Tumbili wa bara wana umbo kubwa kuliko wa Pemba." Msimamizi wangu, mtu wa takwimu, ameikata kwa kalamu nyekundu akisema haina maana. Mimi naiona ni Kiswahili safi. Halafu, niseme "tofauti" au "utofauti" wa kijiografia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Wote wawili mna haki, na tabu yenyewe ndiyo hiyo.

Mtaani, "umbo" hubeba ukubwa ndani yake. Ukisikia "bwana mwenye umbo kubwa", unamwona mtu anayeinama akipita mlangoni. Neno limetoka kwenye kuumba, na mfinyanzi hafinyangi mtungi leo akaja kuutia ukubwa kesho.

Wanatakwimu, lakini, wamelibana. Mwingereza David Kendall alilifafanua mwaka 1977 hivi: umbo ni kile kinachosalia ukishaondoa mahali kitu kilipo, ukubwa wake na upande kilikogeukia. Kwa hesabu hiyo chungwa la duara na mpira wa miguu vina umbo moja, na "umbo kubwa" ni kama kusema "rangi ndefu".

Tazama wanavyofanya. Kila fuvu huwekewa alama sehemu zilezile: ncha ya mfupa wa pua, ukingo wa tundu la jicho, na kadhalika. Wastani wa alama zote ndio kitovu. Pima umbali wa kila alama hadi kitovuni, kila umbali uzidishe kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu lake ndilo ukubwa. Vipimo vyote vikishagawanywa kwa ukubwa huo, mafuvu hulazwa kitovu juu ya kitovu na kuzungushwa mpaka alama zikaribiane kadiri inavyowezekana. Pua iliyochomoza zaidi kidogo baada ya hapo, hilo ndilo umbo. Njia hii ina jina la Prokrusti, jambazi wa hadithi za Kiyunani aliyewanyoosha wageni au kuwakata miguu ili watoshe kitandani.

Kwa hiyo, kama ulipima ukubwa, andika "mafuvu ya tumbili wa bara ni makubwa kuliko ya Pemba". Kama ni umbo, andika "yanatofautiana kwa umbo", kisha useme ni wapi: puani, tayani au utosini. Usikimbilie "maumbile", kwa kuwa ni tafsida ya sehemu za siri pia, na watahini nao ni binadamu. "Sura" nayo iache. Tasnifu yako ina sura zake tayari.

Kuhusu swali la pili, "tofauti za kijiografia" yatosha. Siuchukii "utofauti", ila naupokea pale tu unapotaja hali ya kundi zima kuwa na namna nyingi, si pengo baina ya huyu na yule. Jihadhari na jambo moja: "tofauti kati ya" humfanya msomaji aone mpaka. Kama vipimo vyako vinageuka kidogo kidogo kadiri unavyotoka pwani, sema "umbo hubadilika hatua kwa hatua kuelekea bara".

Msimamizi wako atakuuliza pia kama ulizingatia kwamba tumbili wa maeneo jirani hufanana kwa ujirani tu. Ukiwahesabu kama vielelezo visivyohusiana, ni kama kuwaita ndugu wawili wa nyumba moja ukadai umepata mashahidi wawili. Nimeona watu wakiuita mfanano huo "otokorelesheni ya kispesho". Mimi ningeandika "mfanano wa kijirani", nikaufafanua mara moja pale unapotajwa kwanza, kisha nikaendelea na kazi.