Sauti ya mawimbi kwenye tangazo la saluni

Dada uliyeuliza kwa nini mawimbi uliyorekodi Capri Point, Mwanza, kwa ajili ya tangazo la saluni yanasikika kama sato anakaangwa: ulisimama mbali na maji. Simu ikipokea sauti hafifu huikuza yenyewe, na mlio wa "shiii" wa nyuma hukua nayo. Ukituma WhatsApp, faili hubanwa na mlio huo huzidi.

Rudi saa 12 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma. Weka maiki mita 1 hivi kutoka pale maji yanapogonga mawe, uivishe sponji au kifuniko cha manyoya. Rekodi dakika 5 mfululizo kwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Mtumbwi wa injini ukipita, anza upya. Ukihariri, kata sauti nzito zote zilizo chini ya hezi 100, nyingi ni mvumo wa upepo tu.

Ukitaka mawimbi yajirudie, unganisha mwisho na mwanzo kwa kufifisha sekunde 4, mwisho ukififia huku mwanzo ukipanda, la sivyo sikio hunasa kiungo na utulivu unakatika.

Halafu, tafadhali, msomaji wa tangazo asipaze sauti ya "ofa, ofa!" Mteja aliyechoka atashtuka. Acha mawimbi sekunde 5, kisha yashushe desibeli 15 chini ya sauti ya msomaji.