Kamera ya dashibodi inanimalizia betri, niifunge vipi kwenye boksi la fyuzi?

SWALI: Shikamoo fundi. Natumia Toyota IST, nakaa Tabata, Dar. Nilinunua kamera ya dashibodi, ina waya tatu, njano, nyekundu na nyeusi, kijana mmoja akanifungia palepale nje ya duka. Alichuna waya wa nyuma ya redio, akasokota njano na nyekundu pamoja, akapiga tepu. Tangu hapo nikilaza gari Ijumaa, Jumatatu haiwaki mpaka nipate mtu wa kuniunganishia betri. Nataka niifunge upya mwenyewe kwenye boksi la fyuzi ila naogopa kuunguza gari.

JIBU: Marahaba dada'angu. Kamera yako nzima wala haina kosa, shida ni pale aliposokota waya mbili kuwa moja. Ni hivi, njano (inaandikwa BAT au B+) inataka umeme wa muda wote hata gari ikizimwa, nyekundu (ACC) inataka umeme unaokuja ukizungusha funguo na kukata ukitoa, na hiyo nyekundu ndo inaiambia kamera kwamba mwenye gari kashuka, punguza matumizi, sasa ukiziunga pamoja kwenye umeme wa muda wote kamera inajua bado unaendesha, inarekodi usiku na mchana. Piga hesabu kidogo: ikila ampea 0.4 tu muda wote, Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, hapo ampea-saa 24 zimeondoka, na betri ndogo kama ya IST ikiwa mpya kabisa ina 35 hivi. Haiwezi kuwaka hiyo.

Alafu huo waya wa kuchuna hauna fyuzi yake. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usichemke. Mi nishafungua dashibodi ya Noah moja nikakuta waya mwembamba wa kamera umeyeyukia kwenye plastiki, kwa sababu fyuzi ya mbele yake ilikuwa ya ampea 20, waya umeshaungua fyuzi ipo tu imetulia. Kwa hiyo na wewe hicho kitepu kitoe, uliza fyuzi tapu, ni kile kidude chenye nafasi ya fyuzi mbili na mkia wa waya, nunua viwili. Toa fyuzi moja kwenye gari uende nayo dukani, maana kuna kubwa, ndogo na fupi zaidi, ukibahatisha hakiingii au kinalegea.

Kabla ya yote legeza nati ya 10 utoe terminali hasi ya betri, utarudisha wakati wa kupima tu. Boksi kwenye Toyota nyingi liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na kama mfuniko una Kijapani piga picha utafsiri kwa simu. Nyekundu itafute kwenye fyuzi ya sigara laita (CIG) au ya redio ile inayozima na funguo. Njano ipeleke kwenye fyuzi ya taa za hazadi au ya taa ya ndani. Ila zilizoandikwa SRS, ABS, ECU, EFI usiziguse hata ukikuta ndo zimekaa mkao mzuri, hizo ni eabegi, breki na injini. Na usiamini maandishi peke yake, chukua testa, ethi yake (ule waya wenye kibanio) ibane kwenye chuma, gusa fyuzi funguo ikiwa imetolewa na ikiwa imewashwa, utaona ipi inakata na ipi haikati.

Ukichomeka tapu, fyuzi ya zamani irudi nafasi ya chini, ya juu weka ya ampea 2 au 3, ukikosa 5, usizidishe. Sasa hapa ndo hata mafundi wengi wanaruka: tapu ina upande. Ikikaa kinyume, umeme wa kamera unapita kwanza kwenye fyuzi ya zamani, inabeba mizigo miwili. Kujua ni rahisi sana, chomoa ile ya chini uache ya juu tu, kama mkia bado una umeme kwenye testa uko sawa, kama umekata chomoa ugeuze, basi.

Nyeusi ifunge kwenye bolti iliyoshika chuma cha bodi. Sio ya plastiki, na kama ina rangi kwangua kidogo. Kamera nyingi zinazozimazima zenyewe ukifuatilia ni ethi mbovu.

Waya wa kupanda juu usiupitishe mbele ya eabegi ya pembeni ya kioo kama gari yako inayo, upite nyuma yake, maana ikilipuka inaurusha waya usoni kwako. Kama hujui iko wapi usilazimishe, hiyo sehemu mpe fundi, mwambie hivyo hivyo nilivyokwambia.

Mwisho angalia kiboksi cha katikati ya waya wa kamera, vingi vina kiswichi cha kuchagua volti za kukata. Kiwandani huwa wanaweka 11.6 au 11.8 na hapo betri imeshakwisha, we weka 12.2, au 12.4 kama gari inazunguka tu Tabata na Buguruni kwenye foleni, haipati muda wa kuchaji. Na kama gari inalala ndani ya geti lenye mlinzi, mi ningekushauri uachane na njano kabisa, kama kiboksi chako kinakubali nyekundu peke yake, maana watu wengi wanalipia kurekodi ukuta usiku kucha.

Ukimaliza ilaze usiku mmoja, asubuhi kabla hujawasha pima betri kwa mita. Ikisoma 12.5 kwenda juu uko vizuri. Ikiwa chini ya 12 na kiswichi uliweka 12.2, basi hiyo betri imeshachoka kwa kumalizwa umeme kila wikendi, kaipimishe kwanza kabla hujamlaumu tena mtu wa kamera.