Anza na Nafasi, Si Nywele: Kwa Anayeanza Kubuni Brashi ya Rangi

Karibu kila kijana anayeingia karakanani kujifunza kutengeneza brashi za rangi huja na wazo lile lile nililokuja nalo mimi, kwamba brashi yenye nywele nyingi ndiyo inayobeba rangi nyingi. Brashi yangu ya kwanza ya inchi mbili niliishindilia nywele mpaka bati, ile pete inayozishika nywele kwenye mpini, likatanuka mbavuni, nami nikajiona nimewashinda waliotangulia. Nilipoichovya kwenye rangi ya maji na kuipitisha ukutani, iliacha mstari usiofika dhiraa moja, kisha ikaanza kukwaruza. Fundi aliyekuwa akinifundisha hakusema neno. Alichukua wembe, akazikata nywele katikati na kunionyesha kwamba rangi ilikuwa imelowesha ngozi ya juu tu, na ndani ilikuwa kavu kama ilivyotoka mezani.

Rangi haiingii ndani ya unywele. Hukaa kati ya unywele na unywele. Unayoibuni, kwa hiyo, ni nafasi, na nywele ni kuta zake. Ukilipokea jambo hili tangu siku ya kwanza utajiokolea miezi kadhaa ya kuharibu mali.

Tupige hesabu ndogo. Brashi ya inchi mbili ina upana wa milimita 50 hivi. Chukua unene wa milimita 15 na urefu wa nywele zilizo nje ya bati wa milimita 55, upate ujazo wa karibu mililita 41. Fundi anayeijali brashi yake haichovyi kupita nusu, kwa hiyo tubaki na mililita 20. Ikiwa nywele zimechukua nusu ya ujazo huo, rangi imeachiwa mililita 10. Rangi ya maji ya kawaida, kwenye ukuta laini uliokwisha kupigwa koti la kwanza, hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja, na mililita 10 zikitoka zote zitakupa mstari wenye upana wa brashi na urefu wa mita 2. Sasa shindilia kama nilivyoshindilia mimi. Nywele za duara zilizolala sambamba, zikibanwa mpaka mwisho, hujaza karibu asilimia 91 ya mahali zilipo. Katika zile mililita 20, rangi inabakiwa na pungufu ya mililita 2, na ule mstari wa mita 2 haufiki sentimita 40. Hicho ndicho kilichonipata, na laiti ningekuwa na penseli siku ile nisingehitaji kupoteza brashi.

Usikimbilie upande wa pili pia. Brashi yenye nywele chache hunywa rangi kwa pupa na kuitema yote kabla mkono haujafika ukutani, ikakuchirizikia mpaka kwenye kiwiko. Kinachoizuia rangi isianguke ni mvuto wa uso wake katika mianya myembamba, nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari. Kadiri mwanya unavyokuwa mwembamba ndivyo rangi inavyoweza kushikiliwa kwa kimo kikubwa zaidi: mwanya ukipungua nusu, kimo huongezeka maradufu. Unatakiwa basi kujenga kitu chenye tabia mbili zinazogombana, yaani tumbo pana linalobeba na mdomo mwembamba unaozuia.

Tumbo hutengenezwa na kipande kinachowekwa katikati ya nywele ndani ya bati, ambacho sisi tunakiita kiziba. Wanunuzi wengi wakikiona huamini wameibiwa, wakidhani kimewekwa ili kiwanda kibanie nywele, na ni kweli kwamba wapo wanaokitumia kwa wizi huo. Lakini kiziba kilichopimwa vizuri hugawa nywele katika mafungu mawili yenye uwazi kati yao, na uwazi huo ndio ghala la rangi. Kikizidi unene, mafungu hayo hayakutani tena nchani, na brashi hupasuka mfano wa mkia wa mbayuwayu, kila upande ukichora mstari wake. Kwa brashi pana mimi hupendelea viziba viwili vyembamba kuliko kimoja kinene, kwa sababu ghala hugawanyika na ncha hurudi pamoja kwa urahisi.

Kuhusu mdomo, fanya jaribio hili kabla ya kusoma mengine. Chukua bilauri ya kioo, ijaze maji safi, tumbukiza brashi laini na uitazame ikiwa ndani. Nywele zitakuwa zimetawanyika kama zilivyokuwa kavu. Itoe polepole: mara tu ncha zinapotoka majini, nywele zote hujikusanya na kuwa kama jani. Watu husema nywele hushikana kwa kuwa zimelowa, ilhali ndani ya bilauri zilikuwa zimelowa kuliko hapo na hazikushikana. Kinachozikusanya ni uso wa maji unaokutana na hewa, ambao hujibana kama utando. Rangi hufanya hivyo hivyo. Brashi iliyobuniwa vyema huacha kazi ya kufunga mdomo ifanywe na rangi yenyewe. Wajibu wako ni kuhakikisha nywele ni nyembamba na nyepesi kupinda kule nchani, ili zikubali kukusanywa.

Ndiyo maana unywele mzuri huwa mnene shinani na kupungua kuelekea nchani. Ncha yenye nusu ya kipenyo cha shina huwa na robo tu ya eneo lake ukiikata, kwa hiyo fungu zima linaweza kukutana nchani bila kusongamana, huku shinani likibaki na nguvu. Nywele za viwandani zilizo sawa mwanzo hadi mwisho ni rahisi kununua, lakini brashi inayotokana nazo huwa kama ufagio: butu, isiyofuata ukingo wa dirisha, na inayoacha mifereji.

Mifereji hiyo inatuleta kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotenganisha brashi ya bei na brashi ya thamani. Utazame mswaki wa mti. Kabla hujautafuna ni kijiti tu, hausafishi kitu. Ukiutafuna ncha yake hufumuka ikawa nyuzi nyingi nyembamba, na hapo ndipo unaposhika na kusugua. Unywele wa nguruwe huzaliwa na ncha iliyochanika namna hiyo. Ule wa nailoni au poliesta huna budi kuuchana kwa mashine. Ncha zilizochanika hushika rangi zaidi mdomoni, na pia huchora mistari iliyokaribiana sana juu ya ukuta. Mistari iliyokaribiana hupotea yenyewe, kwa kuwa uso wa rangi mbichi hujivuta usawazike, na muda unaohitajika hufuata kipeo cha nne cha umbali kati ya mstari na mstari. Kwa rangi ile ile na koti la unene ule ule, umbali huo ukipungua nusu, muda wa kusawazika hupungua mara 16. Koti likiwa nene maradufu, muda hupungua mara 8. Kwa anayepaka mlango saa sita mchana Dar es Salaam, ambako rangi ya maji huanza kuganda kabla hujageuka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwenye nyumba ataona ubao laini au ataona shamba lililolimwa.

Hata hivyo usichane kila brashi. Kwenye plasta ya mchanga au matofali, ncha laini husagika upesi, na hapo ncha zisizochanika hudumu zaidi.

Kuhusu mali ghafi, kila moja ina tabia yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nywele bora za nguruwe zilitoka China, na zile za Chongqing zilisifiwa kuliko zote; vita vilipoifunga njia hiyo, viwanda vya Marekani vililazimika kutafuta badala, na nailoni, ambayo kampuni ya DuPont ilikuwa imeitangaza mwaka 1938, ikapata kazi. Mpaka leo nywele za nguruwe hazijapata mshindani wa kweli kwenye rangi ya mafuta. Kwenye rangi ya maji hali ni tofauti, kwani unywele wa mnyama hunywa maji, huvimba na kulegea, na baada ya nusu saa unapaka kwa kitambaa. Nailoni nayo hunywa maji kiasi na hulegea kwenye joto, ingawa ncha zake hustahimili msuguano vizuri. Poliesta hainywi karibu chochote na hubaki ngumu, lakini ikitumiwa peke yake huwa kaidi. Mchanganyiko wa hizi mbili ndio ninaoutegemea kwa rangi ya maji katika hali ya hewa ya pwani. Kwa chokaa, acha nywele za mnyama kabisa: chokaa mbichi iliyorojwa ni kali na itazila. Nyuzi za mimea kama katani zimefanya kazi hiyo kwa bei nafuu, na hakuna sababu ya kuzionea haya.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya ufundi hulipita. Mteja wa Mombasa au Unguja anaweza kukuuliza nywele hizi ni za nini, hasa kama kazi ni ya msikiti, na ana haki ya kujibiwa ukweli. Mwaka 2017 maofisa wa Malaysia walikamata brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kutengenezwa kwa nywele za nguruwe na kuuzwa bila alama ya kueleza hivyo. Andika kwenye mpini nywele ulizotumia. Ukipewa shehena usiyoijua, choma unywele mmoja: wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, wa plastiki huyeyuka na kufanya kidonge kigumu.

Ugumu wa brashi huwasumbua sana wanaoanza, kwa sababu mabadiliko madogo huleta matokeo makubwa. Ugumu wa unywele katika kupinda hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake, na hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Unywele mnene maradufu ni mgumu mara 16, na ukipunguza urefu kwa asilimia 10 tu unaongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo usimwamini muuzaji anayekuambia vipenyo viwili havina tofauti. Chukua kipimo cha skrubu, upime mwenyewe nywele kadhaa katika kila fungu. Brashi ikiwa laini mno haina nguvu ya kuisukuma rangi nzito, na ikiwa ngumu mno huikwangua ile iliyokwisha kupakwa. Rangi nyingi za siku hizi hutengenezwa ziwe nzito zikiwa zimetulia kwenye ndoo na ziwe nyepesi zinapokokotwa, kisha zirudie uzito ukutani zisichuruzike. Nywele zako ndizo zinazokokota. Jaribu basi kwa rangi halisi ambayo brashi itauzwa nayo, usijaribu kwa maji ukaridhika.

Kupima si lazima kuwe kwa gharama. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha, na isomayo sehemu ya kumi ya gramu ni bora zaidi. Pima brashi kavu. Ilowanishe rangi, ikung'ute, uipime tena, kwa sababu mchovyo wa kwanza hudanganya: sehemu ya rangi hupotelea kwenye mashina na haitoki. Ichovye nusu, igongeshe ukingoni mwa ndoo mara mbili, pima. Iachie ikining'inia kwa dakika moja juu ya karatasi, kisha pima kilichodondoka. Paka ubao uliopakwa koti la kwanza mpaka mstari uanze kukatika, pima urefu wa mstari, halafu pima brashi kwa mara ya mwisho. Rudia mara tano kwa mkono wa mtu mmoja, kwa maana mikono hutofautiana kuliko brashi. Sasa unazo namba tatu: ilibeba kiasi gani, ilivuja kiasi gani, ilitoa kiasi gani. Mabishano mengi ya karakana yetu yaliisha mizani ilipoletwa mezani, ingawa si bila baadhi yetu kununa.

Namba ya nne huja baada ya kuosha, na ndiyo inayosahaulika. Osha brashi kwa maji kama ni rangi ya maji, au kwa tina kama ni ya mafuta, ikaushe usiku mzima, uipime tena na ulinganishe na uzito wake wa mwanzo. Ziada unayoiona ni rangi iliyoganda ndani ya bati, mahali ambapo vidole havifiki. Kila safari ya kuosha huongeza kidogo, mashina husukumwa mbali, ncha hutawanyika, na mwezi wa tatu brashi iliyokata ukingo kwa unyoofu haikati tena. Ukikuta ziada hiyo ni kubwa, usiongeze nywele wala usibadili mpini. Fungua bati utazame gundi: mara nyingi utakuta epoksi haikujaa mpaka karibu na mdomo wa bati, na imeacha kishimo kinachojaa rangi kila unapochovya.