Crown Athlete na Royal Saloon, usinunue jina

Mkuu umeuliza kama Toyota Crown Athlete ya 2006 ina mbio kuliko Crown Royal Saloon au ni jina tu, jibu ni vyote viwili, inategemea injini. Toyota waliona Crown imekuwa gari ya mabosi wazee, toka 1955 huko, kijana wa Japani akiiona anamuona babu yake, sasa 1999 wakaigawa matoleo mawili: Royal ikabaki ya mzee anayekaa nyuma na gazeti, Athlete ya yule anayetaka kushika usukani mwenyewe. Na ile ya tabo (turbo), Athlete V, ilibeba injini ya 1JZ yenye nguvu za farasi 280, hapo jina lilistahili kabisa.

Ila hii yako ya 2006, kama ni ya 2500cc, injini ni ileile ya Royal ya 2500cc! Unacholipia ni shoo ya mbele ya nyavu, taa za nyuma, rimu za inchi 18 na springi ngumu kidogo. Ukitaka tofauti ya kweli tafuta ya 3500cc, ile ina farasi 315, lakini mafuta jiandae kisaikolojia.

Swali langu, barabara ya kwako ikoje? Maana taili ile nyembamba ikiingia shimo unaisikia kiunoni, Royal inapita kimya kama haijaona kitu. Mi ningekuwa na mke na watoto na kilomita mbili za vumbi hadi getini ningechukua Royal nikaachana na sifa. Na ukienda yadi fungua boneti, soma kibati cha injini, beji ya nyuma hata dukani zinauzwa.